Namna ya kuandaa maarifa ya ziwani kwa safari ya nje ya Dunia

Mwaka 1977 vyombo viwili vya anga vya Marekani, vya Voyager, viliondoka Duniani na salamu za lugha 55. Kiganda kimo, lugha ya ng'ambo ya ziwa letu, Victoria. Kiswahili hakimo, wala Kisukuma. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Nyegezi, Mwanza, na jambo hilo linaniuma. Wanaoweka akiba ya maarifa angani kwa hofu ya janga la Dunia nzima huchukua kilichokwisha kuandikwa, na yetu mengi bado yamo vichwani mwa wazee.

Anza na kazi moja. Mimi na wanafunzi tulichagua michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa. Mfuate bibi siku anayokausha viazi, usimhoji akiwa amekaa bure. Akisema "anika mpaka vikauke", usiridhike. Muulize anajuaje kwamba vimekauka, kipande kinavunjikaje, mvua ikitishia anafanyaje. Andika pia kwamba viazi vikichemshwa kwanza huwa matobolwa, chakula kingine kabisa.

Kisha mpe maandishi hayo kijana wa mjini ambaye hajawahi kushika kazi hiyo, nawe unyamaze. Anapokwama ndipo ulipoacha pengo. Rudi kwa bibi. Hatua hii usiiruke kamwe, hata ikikuchosha.

Usitegemee flashi peke yake. Aprili 11, 2019 chombo cha Beresheet cha Israel kiligonga Mwezi kikiwa na maktaba ya Arch Mission Foundation, shirika linalohifadhi maarifa ya binadamu nje ya Dunia: sahani nyembamba 25 za nikeli. Za juu zina kurasa zilizopunguzwa ukubwa mno, za kusomwa kwa hadubini tu, nazo zinafundisha namna ya kusoma data iliyo chini yake. Nasi tuige: mwanzo picha, baadaye maneno. Chora kiazi kando ya mkono wa mtu, maana msomaji huenda hajui sentimita.

Mbegu za mtama ni rahisi: zikaushe vizuri, zifungie chupa isiyopitisha hewa, ziweke penye baridi. Ghala la mbegu la Svalbard, Norway, huhifadhi kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Viazi vitamu ni shida, kwa sababu tunapanda marando, yaani vipande vya shina lake, nayo hunyauka. Maabara huyatunza yakiwa hai kwenye vichupa. Kwa hiyo juu ya ukurasa wa michembe andika aina ya kiazi, mahali kinapolimwa na nani mwenye marando yake. Bila hayo, maelezo yatafika Mwezini bila chakula chenyewe.

Chapisha nakala kadhaa, moja ikae mbali na Mwanza.