Kumsaidia mtoto njiti kupumua kwa CPAP ya mapovu

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 34 mara nyingi huwa na upungufu wa safaktanti, yaani majimaji yenye mafuta yanayopaka vifuko vya hewa vya mapafu na kuvizuia visinywee kila anapotoa pumzi. Hupumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, pua hupanuka, mbavu hubonyea ndani, naye huguna. Mguno huo ni juhudi yake mwenyewe ya kubakiza hewa kifuani, na CPAP, yaani kifaa kinachosukuma hewa yenye mgandamizo usiokatika kupitia puani, huifanya kazi hiyohiyo bila kumchosha.

Maelezo haya yanamhusu muuguzi au tabibu aliyefunzwa. Mzazi aliyejifungulia nyumbani amweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, amfunike na kuwahi hospitali.

Mtoto asiyepumua kabisa hafai kuwekewa CPAP. Huyo apuliziwe kwanza kwa ambu, yaani mfuko wa kukamua hewa kwa mkono, na barakoa. Anayepumua kwa shida naye apimwe joto, ambalo linapaswa kuwa nyuzi 36.5 hadi 37.5, kwa sababu mtoto aliyepoa hutumia oksijeni nyingi zaidi na hali yake huzorota hata mashine ikiwa nzima.

Zamisha bomba la kutolea hewa kwenye chupa ya maji kwa kina cha sentimita 5 au 6, maana kina hicho ndicho kipimo cha mgandamizo anaoupata mtoto. Chagua vijibomba vinavyojaza matundu ya pua bila kuyanyoosha, kisha acha nafasi ndogo kati yake na ukuta unaotenganisha matundu hayo. Hapa ndipo haraka ya wodini hugharimu, kwani kidonda cha ukuta huo kinaweza kuharibu umbo la pua. Pitisha mpira wa tumboni kupitia mdomoni na uuache wazi baada ya kulisha ili hewa isilijaze tumbo.

Mapovu ndiyo ushahidi kwamba mgandamizo upo. Yakikoma, hewa inavuja mahali fulani: angalia kwanza pua na mdomo ulioachama, halafu viungio vya mirija na chupa yenyewe.

Funga kipima oksijeni kwenye mkono wa kulia na urekebishe mchanganyiko wa oksijeni na hewa ili kiwango cha oksijeni kwenye damu kibaki kati ya asilimia 90 na 95. Silinda isiyochanganywa na hewa hutoa oksijeni asilimia 100, na ziada hiyo huweza kudhuru retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kumpofusha mtoto ambaye mapafu yake yamepona. Anayeacha kupumua kwa sekunde 20 au zaidi apewe, kwa agizo la daktari, kafeini sitrati, dawa ya kuchochea kupumua, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, kisha 5 hadi 10 kwa kilo kila siku.

Akibadilika ghafla na upande mmoja wa kifua ukavimba kuliko mwingine, shuku hewa iliyovuja nje ya pafu na umwite daktari mara moja. Oksijeni anayoihitaji kwenye mchanganyiko ikizidi asilimia 40, rufaa ianze kupangwa.

Anapopata nafuu, punguza oksijeni kwanza hadi asilimia 21, yaani hewa ya kawaida, ndipo upunguze kina cha bomba hadi sentimita 5 kama kilizidi hapo. Akikaa hivyo saa 24 bila kusahau kupumua, vijibomba vitolewe na aendelee na kangaruu, yaani kubebwa ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, kipima oksijeni kikiwa bado mkononi.