Jinsi ya kuonja misosi ya nchi kibao Epcot mkienda na shule

Kama tripu ya shule inawapeleka Epcot, ile bustani ya burudani ya Disney kule Florida, msijaze tumbo mapema, subirini sehemu inaitwa World Showcase, kuna mabanda ya nchi 11 yamezunguka ziwa, Meksiko upande mmoja Kanada upande wa pili, na kuzunguka kote ni kama kilomita 2 hivi so vaa raba. Mjigawe wanne wanne, kila mtu ananunua kitu kimoja afu mnagawana, hela inakaa na mnaonja vingi. Norwei msiruke skolebolle, ile bani yenye kastadi na nazi juu, hiyo hata kugawana inauma aisee. Barafu ya kusaga ya Japani iacheni ya jua kali. Mwenye aleji aulize kwanza. Michezo ya kuzungushwa pandeni KABLA ya kula.