Kabla hujaanza kujifunza gitaa la besi mtandaoni

Anza na besi ya nyuzi nne. Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba ni E, A, D, G, na masomo mengi ya bure yamepangwa kwa nyuzi hizo. Ya nyuzi tano ni nzuri, ila mwanzoni utapoteza muda ukihesabu mwalimu ameshika uzi upi.

Pili, achana na spika ya simu. Uzi wa E ukipigwa wazi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, A 55, D 73 na G 98. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti za chini hivyo. Unachosikia ni mitetemo ya juu inayoambatana na noti hiyo, na ndiyo maana wengi hunakili mstari wa besi kwenye oktava isiyo yake (noti zilezile, ila juu au chini zaidi) au hufuata gitaa la ridhimu wakidhani ndiyo besi. Tumia hedifoni za waya. Za Bluetooth hazina shida ukiwa unatazama somo tu, kwa sababu simu huchelewesha picha ili iende na sauti. Balaa huja sauti ya besi yako mwenyewe inapopitia humo: unapiga sasa, unasikia baadaye kidogo, na kidole kinaanza kuwahi ili kufidia. Tabia hiyo ikishaingia mkononi, kuitoa ni kazi.

Programu ya kutyunia, yaani kuweka nyuzi kwenye sauti sahihi, ni lazima, na za bure zinatosha. Kwanza angalia kama imewekwa A = 440, yaani kipimo cha kawaida cha mitetemo kwa sekunde. Maikrofoni ya simu nayo husikia uzi wa E kwa shida, kwa hiyo mshale ukirukaruka gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatisha shingo ya gitaa), bila kuukandamiza, kisha uupige. Itatoka E ya oktava ya juu, mitetemo 82, ambayo simu huikamata vizuri.

Usichomeke besi kwenye sabufa ya sebuleni. Pigo la uzi hutoa mshindo wa ghafla usiofanana na wimbo uliokwisha kurekodiwa na kusawazishwa, na spika huchanika. Kama huna amplifaya, egemeza mwili wa gitaa kwenye meza au mlango wa kabati la mbao. Utasikia vya kutosha kufanyia mazoezi. Ukitaka kuunganisha na kompyuta, nunua kifaa chenye tundu la jeki nene lililoandikwa Inst au Hi-Z. Tundu la maikrofoni la kompyuta litakupa sauti nyembamba yenye mivumo.

Kwa nadharia, musictheory.net ina masomo na mazoezi ya bure bila kujisajili. Ingia kwenye mipangilio ya zoezi uchague ufunguo wa besi (bass clef) pekee, la sivyo utajikuta unasoma noti za piano ambazo huzihitaji leo. Tovuti ya StudyBass hufundisha besi yenyewe kwa mpangilio, na ni bure. MuseScore ni programu ya kuandikia noti na kuzisikia. Ukiitumia, chagua ala ya besi hasa, maana noti za besi huandikwa oktava moja juu ya zinavyosikika.

Sasa lililowaumiza wengi, hasa waliotoka kwaya. Ukikulia kwenye karatasi zenye do re mi, unajua kwamba do huhama: wimbo ukiwa G, do ni G, ukiwa F, do ni F. Huo ni mtaji mkubwa, kwa sababu "do, fa, so" tayari ni namba 1, 4 na 5 zinazotajwa kwenye masomo ya muziki ya Kiingereza. Shida huanza ukitafuta namna ya kupiga seben, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea katika muziki wa Kongo, na kukutana na walimu wa Kongo wanaofundisha kwa Kifaransa au Kilingala. Kwao do haihami. Do ni C siku zote, re ni D, sol ni G, na "la mineur" ni A ndogo (A minor).

Mtego huu haujionyeshi mapema. Somo la kwanza huwa kwenye C, na hapo mifumo miwili inalingana noti kwa noti, kwa hiyo mwanafunzi anaona ameelewa. Kisha unakuja wimbo wa G. Mwalimu anataja "do, ré, sol", yaani C, D, G. Mwanakwaya, ambaye do yake sasa ni G, anapiga G, A, D. Mstari huo ukipigwa peke yake unasikika vizuri kabisa, kwani umbali kati ya noti ni uleule. Akiweka rekodi inagongana. Anatyuni upya, inagongana. Anabadilisha nyuzi, anailaumu besi, na wengine huishia kusogeza mkono mpaka ilingane bila kujua kwa nini, halafu wimbo unaofuata unawashinda tena.

Kipimo ni chepesi. Msikilize mwalimu akitaja nyuzi zilizo wazi: akisema mi, la, ré, sol, do yake ni ya kudumu. Ishara nyingine ni noti ya saba. Wafaransa husema si, kwaya zetu husema ti. Chora jedwali la C hadi B na majina yote mawili, ulibandike ukutani. Masomo ya Kijerumani nayo yana lao: H yao ni B yako, na B yao ni B bemoli.

Tabo, yaani maandishi yanayoonyesha kwa namba freti ya kushika kwenye kila uzi, zitazame kwa jicho kali. Nyingi huandikwa na watumiaji wenyewe, hazionyeshi urefu wa noti, na mahali pa kidole huwa pa kubahatisha. G ya uzi ulio wazi ipo pia freti ya 5 ya uzi wa D, ya 10 ya A na ya 15 ya E. Mwandishi huchagua iliyomrahisishia yeye.

Nyimbo za zamani za dansi zilizohamishwa kutoka kanda huenda haziko kwenye 440. Kasi ikizidi kwa asilimia 3 tu, wimbo unapanda robo toni. Asilimia 6, nusu toni nzima. Usityuni nyuzi upya kuufuata. Rekebisha faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kasi na sauti kwa pamoja.

Pakua masomo ukiwa na WiFi, bando lisikukatie katikati ya zoezi. Punguza kasi ya video hadi 0.75, ikifika 0.5 sauti za chini huwa tope. Kiganja kikiuma, pumzika. Na ukijaribu kozi ya kulipia kwa wiki ya bure, zima malipo ya kujirudia siku hiyohiyo uliyoweka kadi.