Kukuza Bugenvilia katika Joto la Maskati
Mjini Maskati, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40 za Selsiasi, bugenvilia hupandwa vyema kuanzia Oktoba, ili mizizi ishike ardhi kabla jua kali halijarudi. Mizizi hiyo hukatika kwa urahisi. Kwa hiyo pasua mfuko wa mche badala ya kuung'oa. Chagua mahali penye jua kwa saa 6 au zaidi kwa siku. Mche ukishakomaa, umwagilie maji mengi kwa mara moja, kisha uache udongo wa juu ukauke kabla ya kurudia, kwani bugenvilia inyweshwayo kila siku, kosa ninaloliona mara nyingi mno, huzaa majani matupu. Funga matawi kwenye uzio, maana hayajishiki yenyewe, na maua yakishapukutika, uyapogoe matawi hayo.