Kupima sumu ya kemikali kwa dafnia: jaribio la saa 48

Utaratibu huu unafuata mwongozo namba 202 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), kwa krasteshia mdogo wa maji baridi, Daphnia magna. Anza na daikromati ya potasiamu kabla ya kemikali unayoichunguza, kwa sababu matokeo yake yanajulikana. Vaa glavu: ni sumu na husababisha saratani.

1. Maji. Usitumie maji ya bomba, klorini huua dafnia. Tayarisha miyeyusho minne, kila mmoja katika lita 1 ya maji yaliyotolewa madini: kloridi ya kalisiamu (yenye molekuli 2 za maji) gramu 11.76, salfeti ya magnesiamu (yenye molekuli 7) gramu 4.93, bikaboneti ya sodiamu gramu 2.59, kloridi ya potasiamu gramu 0.23. Chota mililita 25 za kila mmoja, ongeza maji hadi lita 1, kisha pitisha hewa.

Ukipima metali, usitumie maji ya kufugia yenye EDTA. EDTA huishika metali, na sumu huonekana ndogo kuliko ilivyo.

2. Watoto wa dafnia. Jioni ya kuamkia jaribio, ondoa watoto wote kwenye chombo cha mama. Utakaowakuta asubuhi wana umri chini ya saa 24. Uzao wa kwanza wa mama usiutumie. Ukiona madume au mayai ya kujihifadhi, ufugaji una tatizo. Rekebisha hilo kwanza.

3. Ukolezi. Yeyusha miligramu 100 za daikromati katika lita 1. Weka mililita 0.32, 0.56, 1.0, 1.8 na 3.2 za mmumunyo huo katika chupa tano za mililita 100, ujaze maji hadi alama. Namba hizohizo ndizo miligramu kwa lita. Chupa ya sita ni maji matupu, kundi linganishi.

4. Kuweka wanyama. Kila ukolezi, pamoja na kundi linganishi, una bika nne, kila bika dafnia watano: jumla 120. Weka angalau mililita 2 kwa kila mnyama. Mililita 20 kwa bika zinatosha vizuri. Tumia pipeti yenye mdomo mpana na waachie *chini* ya uso wa maji. Ukiwadondosha kutoka juu, hewa hunasa kwenye gamba, wanaelea, nawe utadhani ni sumu.

Usiwalishe, usipulize hewa. Joto nyuzi 18 hadi 22, lisiyumbe zaidi ya nyuzi 1.

5. Kusoma. Baada ya saa 24 na 48, tikisa bika taratibu, subiri sekunde 15. Asiyeogelea anahesabiwa, hata kama antena zinacheza.

6. Kukubali au kukataa. Katika kundi linganishi wasioogelea wasizidi 10%: wawili kati ya 20. Watatu, rudia yote. Oksijeni mwishoni isipungue miligramu 3 kwa lita. Kokotoa EC50, yaani ukolezi unaozuia nusu ya wanyama kuogelea, kwa probiti (njia ya kitakwimu). Ya daikromati kwa saa 24 iwe kati ya miligramu 0.6 na 2.1 kwa lita. Ikitoka nje, kagua mizani, mmumunyo na ufugaji kabla ya kugusa kemikali nyingine. Mabaki ya daikromati yaende kwenye chombo cha taka za kromiamu, kamwe si kwenye sinki.