Somo: Kupima majani yanayoliwa na wadudu, machanga kwa makuukuu

Wanajukwaa, kila wiki napokea picha ileile: jani kuukuu la parachichi lenye matundu, na chini yake, "Mwalimu, nipulize dawa gani?" Mara nyingi aliyelitoboa jani hilo ameshaondoka miezi mingi iliyopita. Naandika mara moja, wengine nitawaelekeza hapa.

1. Chagua miti mitano shambani. Kila mti, matawi manne yenye vichipukizi vinavyofunguka.

2. Vifaa: uzi wa kushonea wa rangi, daftari, penseli (wino hauhimili mvua ya Tukuyu), na plastiki angavu uliyoichora miraba ya milimita 5.

3. Hesabu majani yote ya tawi kabla ya lolote, andika.

4. Funga uzi. Hapa ndipo nilipoharibu, someni taratibu.

Mwaka wa kwanza sikufunga chochote. Nilipita siku moja, nikachuma majani mia, machanga na makuukuu, nikapima matundu. Makuukuu ndiyo yalikuwa na matundu makubwa, nikaamua wadudu wanayapenda hayo, na nikamshauri jirani apulize majani ya chini. Hela yake ilipotea bure, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kosa la kwanza: tundu hukua pamoja na jani. Chukua jani changa la miraba 40 ambalo kiwavi amekula 4, yaani asilimia 10. Likikomaa na kufika miraba 160, tundu nalo linafika kama 16. Hapo hakuna aliyeuma tena, asilimia ni ileile 10. Usiponiamini, toboa kwa msumari jani changa moja na lililokomaa moja, urudi baada ya wiki tatu.

Kosa la pili: jani changa lililoliwa lote halipo tena, kwa hiyo ukichuma yaliyobaki unapima walionusurika tu. Ndiyo maana ya hatua ya 3.

Onyo: uzi ufungwe kwenye kijitawi, usifungwe kwenye kikonyo (kile kijiti kinachoshika jani), na uwe legevu. Kikonyo kikibanwa jani linanyauka, halafu utamsingizia mdudu.

5. Weka plastiki juu ya jani, hesabu miraba ya jani zima na ya matundu, andika asilimia. Rudi kupima tena kila baada ya siku 3 jani likiwa laini. Likishakuwa gumu, kila wiki mbili.

6. Linganisha asilimia za ziara mbili. Kilichoongezeka ndicho kilicholiwa.

Mtafiti Phyllis Coley alifuatilia majani kwa namna hii kisiwani Barro Colorado, Panama, kwa aina 46 za miti, akachapisha mwaka 1983: machanga huliwa kwa kasi kubwa kuliko yaliyokomaa. Kwenye misitu ya mvua ya tropiki, karibu asilimia 70 ya ulaji wote hulipata jani likiwa bado changa.

MASWALI

Kijana wa Kiwira: Mkuu, kwa kifupi, dawa gani?

Jibu: Hujasoma. Hatua ya 4.

Kijana wa Kiwira: Nimesoma, ila mimi majani yanadondoka yenyewe.

Jibu: Umeyahesabu kabla? Kama hukuhesabu, hujui kama ni upepo, mvua ya mawe au kiwavi. Anza hatua ya 3.

Mama Ipinda: Shikamoo mwalimu. Huku Kyela maembe yakichipua, majani yanatoka mekundu na kulegea kama kitambaa kilicholowa. Ni ugonjwa?

Jibu: Marahaba mama, swali zuri sana. Si ugonjwa. Jani changa ni laini, lina maji na naitrojeni nyingi, na hivyo ndivyo vitu anavyotafuta kiwavi. Haliwezi kujikaza kabla halijamaliza kutanuka, kwa hiyo kwa sasa linajilinda kwa kemikali. Miti mingi ya tropiki pia huchelewa kulitia jani ukijani mpaka lishupae: likiliwa mapema, mti umepoteza kidogo. Likikomaa linajaa nyuzinyuzi, na kiwavi aliyeanguliwa jana hana taya la kulikata. Lishike kati ya vidole leo, ulishike tena baada ya mwezi, utaona tofauti.

Mchuma Chai: Mbona utitiri mwekundu kwangu uko kwenye majani yaliyokomaa?

Jibu: Umeona vizuri. Huyo ana miguu minane, si mdudu wa kutafuna. Anatoboa na kufyonza, ugumu wa jani haumzuii sana. Mbu wa chai (si mbu wa kweli, ni mdudu anayefyonza mmea) yeye anafuata vichipukizi, hivyo hivyo unavyovichuma wewe. Kila mmoja mfuate kwenye jani lake.

Mama Ipinda: Plastiki yangu inateleza kukiwa na umande. Nifanyeje?

Jibu: Pita saa nne, umande ukishakauka. Au weka karatasi ya miraba nyuma ya jani, kioo kidogo juu yake, upige picha kwa simu ukiwa umeinyoosha sawasawa. Utahesabu miraba jioni ukiwa umekaa.

Mama Ipinda: Kioo cha fremu ya picha kitafaa?

Jibu: Kinafaa. Zungushia plasta kingo zake, kisikukate.