Ukiwa msajili wa chuo, siku yako ipange hivi
Kama unalala Malindi na ofisi iko Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, kilomita kama 60 hivi, simu za asubuhi zimalize kabla hujafika getini maana ukishaingia tu mlango haufungiki tena. Wa kwanza ni wanafunzi wa fii na wa HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), hao wasikilize mwenyewe usimwachie sekretari, mtoto wa watu akinyimwa kadi ya mtihani kwa salio dogo hurudi kwao kimya kimya. Barua za kusaini soma mpaka viambatisho, huko ndiko mambo hufichwa. Minitsi za kikao cha seneti ya chuo zitoke siku hiyo hiyo, kesho kila profesa atakuja na yake. Na Ijumaa usiweke kikao saa saba, utaongea na viti.